Nani Mwenye Kanda

Kanda niliyo nayo ni moja tu. Ni ya VHS, lebo imefifia, na ndani yake nimo kwa dakika 11. Kabla yangu kuna taarifa ya habari iliyokatika msomaji akiwa bado anasema. Baada yangu kuna harusi ya binamu wa jirani aliyeirekodi: nimeinua mwiko kumtishia mwajiri wangu, mdomo uko wazi, mara picha inaruka na bibi harusi anakata keki. Hizo dakika ndizo zilizobaki za miaka sita ambayo kila Jumatano usiku nilikuwa Selina.

Wasomaji wa umri wangu huenda wakamkumbuka. Selina alikuwa yaya katika nyumba ya tajiri mmoja wa Nairobi. Kilemba kilikaa upande, kandambili zilikuwa za rangi mbili tofauti, na alikuwa na kiapo ambacho watoto walikibeba hadi shuleni: "Haki ya mama yangu aliye kaburini!" Ameunguza pilau ya wageni, anaapa haijaungua. Amevunja sahani, anaapa ilinunuliwa ikiwa hivyo hivyo. Jina langu halisi lilipita kwenye skrini mwishoni, mbio mbio, likifuatana na la dereva. Sijawahi kukutana na mtu aliyewahi kulisoma.

Nilizaliwa Wundanyi nikakulia Makongeni, Nairobi, kwenye nyumba za Reli, kwa kuwa baba alikuwa fundi wa mabehewa. Televisheni tuliitazama kwa jirani. Nilikuwa tayari msichana mkubwa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kilipoanza kutukusanya pale, na nakumbuka baba alivyokataa katakata kuamini kwamba Mzee Ojwang' ni Mkikuyu aitwaye Benson Wanjau. Lafudhi yake ya Kijaluo ilikuwa imetimia mno. Mimi nilimtazama zaidi Mama Kayai, yaani Mary Khavere, kwa sababu yeye alifanya kazi hata asiposema. Mzee analalama, anatamba, anatafuta njia ya kutokea, na mama amesimama tu akimngoja amalize uongo wake. Kicheko kilitoka kwenye kule kungoja. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa darasani.

Nilianza na vikundi vya kuigiza vitabu vya kiada. Tulikodi matatu, maleba yetu yakiwa kwenye magunia, asubuhi tuko shule moja ya Thika, alasiri tuko Murang'a, jioni tunagawana senti zilizobaki baada ya petroli. Wanafunzi wa kidato cha nne ni mahakimu wakali. Hawazomei, wanakohoa. Anaanza mmoja nyuma, kisha safu nzima, na ukikisikia kikohozi cha tatu ujue umekwisha. Kila nilichojua kuhusu kasi ya neno na urefu wa kimya nilikipata kwa kukimbia kikohozi kile. Ningependa kusema nilifundishwa chuoni, lakini hapana.

Mwaka 1993 mtayarishaji mmoja wa kujitegemea, mwenye ofisi ya ghorofani huko River Road, alinichukua. Jina lake sitalitaja. Yu hai, ana wajukuu, na sina nia ya kugombana na mtu uzeeni. Mswada wetu ulikuwa ukurasa mmoja, mara nyingine nusu. "Selina anaunguza pilau. Mwajiri anarudi mapema. Selina anaficha sufuria." Basi. Maneno tulijitafutia wenyewe kamera ikiwa inazunguka, na kurudia tukio ilikuwa anasa kwa sababu muda wa kukodi vifaa ulihesabiwa kwa saa.

Watu hudhani uigizaji wa vichekesho ni raha tupu. Hatukuwa na watazamaji studioni. Unatamka jambo la kuvunja mbavu na linalokujibu ni mvumo wa taa. Kipimo changu kikawa mabega ya mpiga kamera. Alikuwa kijana mpole, na kwa kuogopa sauti yake isiingie kwenye kipaza sauti aliuma leso ya mkononi. Mabega yakitikisika, nimepata. Yakitulia, naongeza, au afadhali napunguza, kwa sababu nilikuja kugundua kwamba sufuria iliyoungua haimchekeshi mtu. Anachekeshwa na yule anayekuapia usoni kwamba haijaungua, na anayeamini anachosema. Siku nilizojaribu kuchekesha, mabega yalilala. Siku nilizojitetea kwa moyo wote, kama mtu anayeogopa kufukuzwa kazi na kurudi kijijini mikono mitupu, leso ililowa mate.

Sasa niseme nilikotoa huyo Selina, maana hapa ndipo kumbukumbu zangu huniwasha.

Pale Makongeni, karibu na lango, palikuwa na mama mmoja kutoka Busia aliyeuza samaki. Tulimwita Mama Samaki. Alikaanga ngege, akapima omena kwa mkebe, na chenji aliihesabu kwa sauti ili mtaa mzima uwe shahidi. Kila mteja mwanamume alikuwa "mkwe wangu". Ukimwambia samaki amelala, alikaza leso kiunoni, akainua mkono na kuapa: haki ya mama yangu aliye kaburini, huyu ametoka ziwani leo. Mama yake hakuwa kaburini. Alikuwa Busia, mzima wa afya, akilima mihogo. Tulilijua hilo wote, na ndiyo sababu tulicheka.

Nilimchukua mzima mzima. Nilichukua mwendo, mkono, lafudhi na kiapo. Nilivipeleka River Road bila hata kumwambia habari gani. Mwelekezi alipouliza nimetoa wapi mambo yale, nilisema yamenijia tu.

Kipindi kilipokuwa na kama mwaka mmoja hewani, Mama Samaki alikuja nyumbani kwa mama jioni ya Jumapili, na samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti. Alikaa, akanywa chai, akauliza hali ya kila mtu. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, kile kiapo ni changu."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Sikatai, umekitumia vizuri. Ila sasa nikiapa pale langoni, wateja wananiambia niache kumwiga Selina."

Mama yangu aliangua kicheko. Mimi nilitaka sakafu inimeze. Naye hakuwa amemaliza. Huko Busia mama yake alikuwa amesikia kwa majirani kwamba nchi nzima inaambiwa kila Jumatano kuwa yuko kaburini, na alitaka kujua ni binti yupi aliyemzika.

Nilitoa shilingi 500. Akazitazama kama samaki wa jana. Alichotaka ni siku moja, tukio moja tu, awe jirani anayekuja kuuza samaki kwa Selina. Niliona ni haki, nikampeleka. Mwelekezi alimsimamisha mbele ya kamera akamwambia aseme jambo. Alisema, vizuri kabisa. Mwelekezi akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba hafai, lafudhi yake haiaminiki.

Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi kwenye meza za chai na watu wanacheka sana. Ninaisimulia vizuri, ni kazi yangu. Lakini siku ile tulirudi Makongeni kwa basi bila kuzungumza, na aliposhuka alinishukuru kwa nauli.

Lafudhi ni jambo la kutafakari, na sidhani tumelitafakari vya kutosha. Kenya tulilelewa na vichekesho vya lafudhi. Mzee Ojwang' alipofariki Julai 2015, waliomlilia hawakuwa kabila moja, na naamini sababu ni kwamba alikuwa mtu kamili: ana nyumba, ana mke wa kumkemea, ana hila, ana aibu. Selina hakuwa na hivyo. Alikuwa na kabila na mwiko. Katika miswada ya enzi zetu yaya alitoka upande uleule wa nchi, mlinzi upande uleule, mchoyo upande uleule, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008 nilianza kukisikia kicheko kile kwa sikio jingine. Kuiga sauti ya jirani si dhambi. Ila ukimwondolea jirani kila kitu ukabakiza sauti peke yake, umemtengenezea mtu mwingine rungu.

Mwaka 1996 nikashika mimba. Nilificha kwa kanga hadi mwezi wa tano. Mwelekezi alipotambua alipiga hesabu haraka: yaya mwenye mimba bila mume, watazamaji watauliza ni ya nani, na aliyekuwa mbele yao kila wiki ni mwajiri. Selina akapelekwa kijijini kuuguza shangazi. Nilirudi miezi saba baadaye nikamkuta binti mwingine amevaa kandambili zangu. Watazamaji wakalalamika kwa barua, nikarudishwa, na binti yule akaondoka bila kwaheri. Sikumtafuta. Nilipaswa kumtafuta.

Ndipo mwaka uliofuata nikahudhuria mafunzo ya wiki moja ya waigizaji hapo Nairobi, na mkufunzi akatuonyesha I Love Lucy. Kiingereza chake kilikuwa cha kasi na nusu ya mizaha ilinipita. Lakini kuna kile kipindi cha mwaka 1952 cha kiwanda cha chokoleti: Lucille Ball na Vivian Vance wanafunga chokoleti zinazopita kwenye mkanda, mkanda unaongeza kasi, na wanaanza kuzificha mdomoni, kofiani, kifuani. Hakuna neno la kutafsiri. Nilimtazama yule mwanamke nikamwona Selina na sufuria yake. Uso ni uleule wa mtu anayeogopa kufukuzwa.

Mkufunzi akatueleza kwamba mwaka huohuo 1952 Lucille alikuwa mja mzito, na neno lenyewe la Kiingereza halikuruhusiwa kutamkwa kwenye televisheni ya Marekani. Hawakumpeleka kijijini. Waliiandika mimba ndani ya hadithi, wakawapa kasisi, mchungaji na rabi miswada waipitie, na tarehe 19 Januari 1953 mhusika akajifungua mtoto wa kiume hewani, siku ileile Lucille alipojifungua wa kwake. Kipindi kile kilitazamwa na watu wengi kuliko kuapishwa kwa Rais Eisenhower siku iliyofuata. Nilikuwa nanyonyesha wakati nikisikia haya. Nilitoka nje kidogo.

Miaka ikapita kabla sijapata kusoma upande wa pili wa habari hiyo, ambao kwa kweli ndio ulionifanya nikae niandike. Lucille Ball alizaliwa Jamestown, jimbo la New York, mwaka 1911. Alikuwa na miaka 40 kipindi kilipoanza Oktoba 1951, baada ya miaka mingi ya filamu zisizompeleka popote. Alitaka mumewe wa kwenye kipindi awe mumewe wa kweli, Desi Arnaz, mpiga muziki kutoka Kuba. Wakubwa wa CBS wakasema Wamarekani hawataikubali ndoa ile. Haiaminiki, kwa lugha ya mwelekezi wangu. Wawili hao wakafunga mizigo, wakazunguka majukwaa ya miji mbalimbali mwaka 1950 wakicheza pamoja, na umati ukaamua.

Wakati ule vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na upande wa magharibi wa nchi ulipata nakala mbovu iliyopigwa kwenye kioo cha televisheni. Lucille na Desi walitaka kubaki Hollywood, wapige kwenye filamu halisi ya milimita 35, kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji waliokaa vitini. Gharama ikapanda. Wakakubali kupunguziwa mishahara, kwa sharti kwamba filamu zibaki kuwa mali ya kampuni yao, Desilu. Wenye kituo hawakuona hasara, maana mwaka 1951 nani angetazama kichekesho mara ya pili? Wakatazama. Mwaka 1957 Desilu waliiuzia CBS vipindi vile kwa mamilioni ya dola, wakanunua studio za RKO, palepale Lucille alipokuwa mwigizaji wa mkataba zamani. Walipotalikiana, mwaka 1962 alinunua hisa za Desi akawa mkuu wa studio, na ni chini yake Star Trek ilianza.

Sijilinganishi naye. Yeye alikuwa na Desi mwenye kichwa cha biashara, na mimi sikuwa hata na nakala ya mkataba. Nilikuwa na vocha: tarehe, sahihi, kiasi. Kiasi chenyewe kilinitosha kodi ya chumba na unga, si zaidi. Mwenye nyumba hakuamini; kwake mtu wa televisheni ni tajiri anayejificha. Siku niliyoporwa mkoba na kwenda kuandikisha taarifa polisi, askari wa zamu alinisikiliza sentensi mbili, akawaita wenzake waje, wakanisihi nirudie tangu mwanzo. Nilirudia. Nikaapa, haki ya mama yangu aliye kaburini. Waliandika taarifa haraka na kunipa chai. Mkoba haukuonekana.

Mwaka 2001 nilipanda basi la Mombasa. Tulipopita Mtito Andei, kondakta akaweka kanda, na mimi huyo kwenye kioo juu ya dereva, nimeshika mwiko. Basi zima lilicheka hadi Voi. Nauli nilikuwa nimelipa kamili. Sikujitambulisha, nilifunga kitambaa vizuri nikageukia dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa na watazamaji wangu tangu zile shule za Thika, na nikiri kwamba kwa sehemu ya safari hasira ilinitoka kabisa. Pale kwenye tukio la pilau nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyokumbuka, na wakacheka nilipotaka wacheke. Hakuna aliyekohoa.

Hasira ilirudi mwaka 2009 nilipopanda ngazi za River Road kumwomba mtayarishaji nakala, angalau kipindi kimoja nimwonyeshe binti yangu. Alinipokea vizuri. Akaniambia vilifutwa vyote. Tulirekodi kwenye kanda za U-matic, nene kama kamusi, zilizoagizwa kutoka nje, na kipindi kikishapeperushwa kanda ilirudi kutumika upya. "Kanda moja ilinigharimu kuliko wewe," akasema. Hakunitukana. Alikuwa anafanya hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi.

Nakala ya kwenye basi lazima ilitoka kwa mtu aliyerekodi nyumbani kwake. Kwa hiyo hapa nchini waliotuhifadhi ni wezi, na mwenye mali ndiye aliyefuta. Mniwie radhi, sina njia nyingine ya kulisema.

Vijana wa sasa wana bahati ya zana, na wengine wana akili ya kuitumia. Anne Kansiime wa Kabale, Uganda, aliweka vichekesho vyake YouTube kwa jina lake mwenyewe, na mtu wa Nairobi, Kigali au London anamfuata huko huko. Kipindi cha Papa Shirandula kilipoanza kwenye televisheni ya Citizen mwaka 2007 niliwaona waigizaji wa kike ambao jina lao la kweli watu walilijua, na nikafurahi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa mwenye haki katika uigizaji wake, si kibarua wa siku tu. Lakini haki iliyo kwenye sheria unaweza kuiuza yote kwa mstari mmoja wa maandishi madogo, na wasichana wanaokuja kuniuliza ushauri huniletea mikataba wakiwa wameshatia sahihi. Huniuliza jinsi ya kulia kwa haraka mbele ya kamera. Mimi huwauliza nani atakaa na rekodi, na je, akiiuza mara ya pili wewe unapata nini. Wengi huniona mzee mwenye kinyongo. Huenda ninacho.

Wakishaniudhi vya kutosha huwauliza swali jingine: huyo unayemwiga, umemwambia? Hapo hunyamaza.

Mama Samaki alifariki mwaka 2011, akamtangulia mama yake, ambaye alimzika akiwa mkongwe wa kushikwa mkono. Nilikwenda Busia. Bibi kizee alinishika kiganja akauliza mimi ndiye nani, wajukuu wakamwambia, "Selina," naye akatabasamu kama mtu aliyesikia habari za zamani. Picha za Mama Samaki zipo mbili, zote amesimama wima, amenuna, kama watu walivyopigwa picha zamani. Sauti yake haipo popote. Ule mkono unaoinuka kabla ya kiapo upo sehemu moja tu duniani, kwenye kanda yangu, dakika ya nane, na mkono ni wangu.

Nilimpelekea fundi mmoja wa Luthuli Avenue anihamishie hizo dakika kwenye kompyuta. Alifanikiwa, ila akaniambia kanda inameguka na hatairudisha tena kwenye mashine.

Kwa hiyo nina ombi. Kama kwenu kuna kanda za VHS zilizorekodiwa Jumatano usiku kati ya 1993 na 1999, hata kama lebo imeandikwa harusi, ubatizo au mpira, msizitupe kabla ya kuzitazama hadi mwisho.